Mstari Kiziwi wa Eladia

Ukiwauliza watu wa Los Sauces, mji mdogo wa migomba kisiwani, Eladia Brito anafanya kazi gani kule juu mlimani, watakuambia anawafutia Wajerumani vioo. Si uongo. Ndivyo alivyoanza akiwa na miaka ishirini na minne, ndoo mkononi na kitambaa begani, baada ya miaka kumi na mmoja ya kupanga ndizi kwenye masanduku pamoja na mama yake. Lakini mtu akikaa kwenye kazi moja miaka thelathini na mitatu, kazi hugeuka chini ya mikono yake hata majirani wasijue.

Kazi yake ya sasa ilianza hivi kila siku. Jua likichomoza tu juu ya bahari ya mawingu, Eladia alipanda ngazi mia moja na kumi na mbili za mnara wa kutazamia jua, akafungua kifuniko, akageuza kioo kikubwa kikalikabili jua. Kioo kililipokea na kulirusha chini ndani ya bomba refu lililonyonywa hewa yote, mpaka kwenye chumba cha chini chenye giza na baridi, ambako mwanga uliangukia karatasi nyeupe iliyobandikwa ubaoni. Eladia alishuka, akasimama mbele ya karatasi ile na kuutazama ukingo wa jua.

Ufundi wake ulikuwa hapo. Jua lenyewe limetulia. Kinachotikisika ni hewa yetu, kama inavyotikisika juu ya barabara ya lami saa saba mchana. Siku mbaya ukingo wa jua pale kwenye karatasi huchemka kama maziwa yanayotaka kufurika. Siku njema hutulia, ukadhani umekatwa kwa mkasi. Eladia aliutazama kwa dakika mbili, halafu akaandika kwenye daftari la mnara alama ya hewa, kuanzia moja hadi kumi, na chini yake herufi mbili: E.B. Hakuwahi kutoa kumi.

“Leo umeipa ngapi?” Chano, fundi mitambo wa mnara, alikuwa akimuuliza kila asubuhi huku akikoroga kahawa yake.

“Saba.”

“Saba! Hata mume wako hukumpa saba.”

“Mume wangu nilimpa nne, nikamrudisha kwa mama yake. Nipishe.”

Aliyemfundisha yote hayo alikuwa mzee Ottmar, Mjerumani mrefu aliyekula gofio, unga wa nafaka za kukaanga, kwa maziwa kila asubuhi kama mtu aliyezaliwa kijijini Garafía. Ndiye aliyemwona siku moja msichana wa ndoo akisimama mbele ya karatasi na kusema peke yake, “Sasa itaharibika,” na kweli, sekunde chache baadaye picha ikaharibika. Akamuuliza amejuaje. Eladia akamwambia hajui, ila ukingo ulikuwa umeanza kupumua. Tangu siku ile mzee Ottmar hakumwita tena kuja kufuta. Alimwita kuja kutazama.

Mnara ulijengwa ili kupima sumaku ya jua. Hebu fikiria: jambo lililo mbali hivyo, na hakuna mkono wala dira itakayofika huko. Lakini mwanga unafika. Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote bila mpangilio, kama watu wanaotoka kanisani. Ukitokea mahali penye sumaku, mtikisiko wake huegemea upande. Mwegemeo huo ndio unaopimwa. Unapiga picha mbili, moja kupitia kichujio kinachoruhusu upande huu, nyingine kupitia kinachoruhusu upande ule, kisha unatoa moja kwenye nyingine. Palipo sawa panafutika. Kinachobaki ni sumaku. Na kinachobaki ni kidogo mno, mara nyingi sehemu moja katika elfu, ndiyo maana watu wa mnara ule walitembea taratibu na kufunga milango kwa viganja viwili.

Mzee Ottmar alimwachia Eladia desturi moja ambayo wengine wote waliiona ya kizee. Mwanga wa jua ukitandazwa kuwa upinde wa rangi, ndani yake huonekana mistari myeusi mingi, na kila mstari una tabia yake. Mingi huisikia sumaku. Michache haiisikii kabisa, hata ungepiga kelele vipi. Mzee aliuchagua mmoja wa hiyo michache akauita kiziwi, na kila siku, baada ya kazi kubwa, alimtaka Eladia apige picha za dakika kumi kwenye mstari huo.

“Wa nini, ikiwa hausikii?” Eladia alimuuliza siku ya kwanza.

“Siku moja utakuwa na swali ambalo kila mtu anakujibu ndiyo,” mzee akasema. “Siku hiyo kamuulize kiziwi. Naye akikujibu ndiyo, ujue unasikia mwangwi wako mwenyewe.”

Mzee Ottmar alifariki kwao, wakati wa theluji. Eladia aliendelea. Dakika kumi kila siku, miaka na miaka, picha ambazo hakuna aliyeziomba. Vijana waliokuja baadaye walinung'unika kwamba zinajaza mashine bure. Aliwaachia wanung'unike.

Tarehe kumi na nne Mei hewa ilikuwa tisa.

Gesine alikuwa ameisubiri tisa ile kwa miaka mitatu. Alikuwa mtaalamu kutoka kaskazini mwa Ujerumani, miaka thelathini na mmoja, nywele fupi, mcheshi, tena aliyezungumza kama mtu wa kisiwani mpaka kwenye matusi. Alitaka kupiga picha za sehemu za jua zilizo tulivu, zisizo na madoa, ambako wengi husema hakuna la kutazama. Asubuhi ile walipiga picha kuanzia saa tatu kasoro robo hadi saa nne na nusu, Eladia kwenye karatasi, Gesine kwenye mashine. Walipomaliza, Gesine alimkumbatia, wakala jibini la mbuzi kwa mikono wakiwa wamesimama. Kisha Eladia akarudi chini.

“Unakwenda wapi tena?” Gesine akauliza.

“Kwa kiziwi.”

“Wewe mama, siku kama ya leo! Pumzika.”

“Dakika kumi tu, mwanangu.”

Picha zile hazikuwa bado picha. Hata kwenye hewa ya tisa jua huonekana kama kitu kilicho chini ya maji. Kwa hiyo kamera hupiga mamia kwa mkupuo, haraka haraka, kisha kompyuta huzichambua moja moja, ikakisia hewa ilipinda wapi, ikaipindua kinyume, na kuijenga picha upya. Wenyewe huita kujenga upya, na ukiiona mara ya kwanza mwili unasisimka. Ukungu unaondoka, na jua linabaki na punje zake kama mchanga wa ufukweni uliomulikwa kwa pembeni.

Mwezi Julai Gesine alimaliza kujenga. Ndipo akauona wavu.

Kwenye sehemu tulivu kabisa za jua, pale ambapo picha za ukungu hazikuonyesha mwegemeo wowote, palikuwa na nyuzi nyembamba za sumaku zimesukana, ncha za kaskazini na za kusini zikipishana. Hakuna aliyewahi kuziona. Gesine alisema sababu iko wazi: ukungu huchanganya kaskazini na kusini, zikafutana, nawe ukadhani hamna kitu. Kujenga upya kumezitenganisha. Na kweli jambo hilo hutokea. Hata mzee Ottmar alilijua.

Gesine alikwenda mwenyewe Los Sauces kumwambia mama yake Eladia. Doña Ubaldina alikuwa na miaka themanini na tisa, jicho moja zima na jingine nusu. Alimwandalia viazi vilivyochemshwa na maganda kwenye chumvi, na mojo nyekundu, mchuzi wa pilipili uliomtoa mgeni machozi.

“Kwa hiyo jua lina sumaku,” bibi akasema.

“Ndiyo, Doña Ubaldina. Na binti yako ndiye aliyeshika hewa siku tulipoipata. Makala itakapotoka, jina lake litakuwa la pili, baada ya langu tu.”

“Litachapwa?”

“Litachapwa. Dunia nzima italisoma. Eladia Brito Sanfiel.”

Bibi akaweka uma chini. “Sanfiel ni mimi, jina la kwetu,” akasema polepole. Kisha akataka kujua. “Na mnaipataje hiyo sumaku?”

Gesine akamweleza habari za picha mbili, hii na hii, toa hii kwenye hii.

“Na kama moja mkono ulitikisika?”

“Mkono hautikisiki, bibi. Ni hewa. Na hewa kompyuta inaisahihisha.”

“Aa,” Doña Ubaldina akasema, akamwongezea viazi.

Eladia alikaa pembeni ya meza akiviringa tonge la mkate. Alikuwa ameacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu. Kila makala iliyotoka mnarani aliisoma majina ya juu, ya Wajerumani, Waswidi, Mhispania mmoja mmoja wa bara, akayajua kwa mpangilio kama litania. La kwake halikuwahi kuwemo. Hakuwahi kulidai. Lakini usiku wa siku ile, alipokuwa akiosha vyombo, alijikuta akiliandika kwa kidole kwenye povu.

Wiki iliyofuata Doña Ubaldina alimwita jirani apigilie msumari ukutani, karibu na picha ya marehemu mumewe. Fremu alikwishainunua. Alimwambia mwenye duka la mikate, akamwambia padri, akamwambia na dereva wa lori la ndizi, ambaye hakuwa ameuliza.

*

Mwanzoni mwa Agosti Gesine aliwaita Eladia na Chano waje waone. Alikuwa ameziunganisha picha zote zikawa filamu, dakika kwa dakika, asubuhi nzima ya Mei ikipita katika nusu dakika.

“Tazameni hapa,” akasema. “Hapa, hapa! Saa tatu na dakika ishirini.”

Wavu uliokuwa umetanda kwa utulivu ulinenepa ghafla. Nyuzi zikawa nene, zikang'aa, zikakaa hivyo kitambo kifupi, kisha zikarudi kuwa nyembamba.

“Sumaku inafurika,” Gesine akasema. “Yenyewe, bila doa, bila chochote. Hii peke yake ni makala nyingine.”

“Jua lina mambo,” Chano akasema. “Mimi nilidhani linapika nyanya tu.”

Eladia aliomba filamu irudishwe. Ikarudishwa. Akaitazama tena dakika ile ya ishirini, kisha akasema ana kazi juu, akatoka.

Hakwenda juu. Alikwenda kwenye kabati la madaftari, akafungua Mei. Mwandiko ulikuwa wake. *Tarehe 14. Hewa: 9.* Na chini kidogo: *Saa 3.20, upepo umepanda kutoka shimo la Taburiente, sekunde arobaini. Ukingo umechemka. Umetulia tena. E.B.*

Alikaa kwenye kiti cha kukunja, daftari magotini.

Upepo wa Taburiente aliujua. Hupanda kutoka kwenye shimo lile kubwa kama mtu anayepanda ngazi akihema, ukavuka ukingo wa mlima, ukatikisa hewa mbele ya kioo, kisha ukaenda zake. Ni upepo wa kisiwa kimoja kidogo. Jua haliujui. Haliwezi kuujua. Basi kwa nini wavu wa jua ulinenepa sekunde zile zile upepo wa Taburiente ulipopita?

Alifunga daftari na kulirudisha mahali pake, taratibu, kama kitu kilicholala.

Siku zilizofuata alifanya kazi yake yote kama kawaida, na Chano alipomuuliza hewa ngapi akamjibu, ila hakumrudishia mzaha. Jumapili alikwenda kwa mama yake. Msumari ulikuwa pale. Doña Ubaldina alikuwa ameuning'inizia fremu tupu, kioo kikiwa kimefutwa mpaka kinang'aa, na ndani yake karatasi ya manjano iliyokuja na fremu yenyewe.

“Itakaa vizuri?” bibi akauliza. “Au ni ndefu, hiyo makala?”

“Ukurasa wa kwanza tu, mama. Ndio wenye majina.”

“Nitanunua miwani ya kukuza. Nataka nilisome mwenyewe, nisisomewe.”

Eladia akaenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko anaohitaji mtu kuchemsha kahawa.

Alijiambia kwamba yeye si mtaalamu. Alijiambia Gesine amesoma miaka kumi na miwili mambo ambayo yeye hata majina yake hajui kuyatamka. Alijiambia kwamba huenda jua na upepo vimekutana kwa bahati, kama watu wawili wanaokutana sokoni. Hayo yote yangeweza kuwa kweli. Lakini lipo jambo moja ambalo angeweza kuuliza, naye ndiye peke yake duniani aliyekuwa na kitu cha kuulizia. Na kila alipolikumbuka aliisikia sauti ya mama yake ikisema, nisisomewe.

Makala ilikuwa itumwe Ijumaa. Jumanne asubuhi, siku ya kumi na moja tangu filamu, Eladia aliweka kikombe cha kahawa mbele ya Gesine na hakuondoka.

“Ule mstari kiziwi,” akasema. “Wa tarehe kumi na nne. Mliupitisha kwenye kompyuta? Mkaujenga upya kama ule mwingine?”

Gesine akacheka. “Wa nini? Kiziwi yule. Tuliutazama kwenye picha za kawaida, hauna kitu. Safi kama yai.”

“Lakini uliojengwa upya?”

“Eladia, kompyuta inachukua siku mbili nzima. Kwa mstari ambao hauwezi kuonyesha sumaku?”

“Ndiyo maana naomba.”

Gesine akaacha kucheka. Alikuwa mtu mwerevu. Alimtazama Eladia, akatazama kikombe, akamtazama tena. “Umeona nini?”

Eladia akamfungulia daftari na kuweka kidole chake chini ya saa tatu na dakika ishirini.

Gesine alisoma mara moja. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mashine, akaanza kuandika maagizo, na Eladia akaona mgongo wake ulivyokuwa umekakamaa ndani ya sweta.

Siku mbili zile hakuna aliyeimba mnarani. Hata kunguru wa mlimani, ambao Chano huwatupia maganda ya jibini, walikaa ukutani wakingoja.

Alhamisi, saa sita mchana, kompyuta ilimaliza. Walikuwa watatu mbele ya kioo cha kompyuta. Gesine aliweka kwanza picha za kawaida za kiziwi: kijivu kitupu, sawa na siku zote. Kisha akaweka zilizojengwa upya.

Wavu ulikuwapo.

Nyuzi zile zile, matundu ya ukubwa ule ule, kaskazini na kusini zikipishana, kwenye mstari usioweza kusikia sumaku hata ukiwa ndani yake.

“Kiziwi amejibu,” Chano akasema kwa sauti ya chini, naye alikuwa amemjua mzee Ottmar.

Gesine aliendelea kutazama kana kwamba picha ingebadilika kwa kutazamwa. Kisha akazungumza, haraka, kama anajisemea mwenyewe. Alisema picha mbili za kila jozi zilijengwa kila moja kivyake. Kompyuta ilikisia hewa ya hii, ikakosea kidogo. Ikakisia hewa ya ile, ikakosea kidogo, lakini kosa jingine. Na kila iliponoa picha ilinoa na chembe za kelele, ule uchafu wa kamera, ikazisuka zikawa na umbo. Ukizitoa moja kwenye nyingine, jua linafutika, lakini makosa hayafutiki kwa sababu hayafanani. Yanabaki. Hewa ikichafuka yanaongezeka. Yanabaki na sura nzuri kabisa.

“Bibi aliniuliza,” akasema. “Mezani pale. Kama moja mkono ulitikisika.”

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu.

“Ulijua tangu lini?”

“Sikujua. Nilishuku. Tangu ulipotuonyesha filamu.”

“Siku kumi na tatu zilizopita!”

“Nilikaa nalo siku kumi na moja. Nimezihesabu.”

“Nilikuwa naituma kesho, Eladia! Kesho! Ungeniacha niitume?”

“Hapana.”

“Basi kwa nini?”

“Mama amepigilia msumari,” Eladia akasema.

Gesine akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa kicheko, kisha hakikuwa kicheko. Chano akamsogezea leso yake yenye mafuta ya mashine, Gesine akajifuta nayo, akabaki na mstari mweusi shavuni. Hakuna aliyemwambia.

*

Jioni ile ile Eladia alishuka Los Sauces. Njia ina kona mia nne, na kwa kawaida huzipita bila kuzifikiria; siku ile alizihisi zote. Mama yake alikuwa amekaa barazani akimenya lozi.

“Mama, jina halitoki.”

Doña Ubaldina aliendelea na lozi aliyokuwa nayo mkononi mpaka ikamenyeka. “Wamekutoa?”

“Hapana. Kitu chenyewe hakikuwapo. Tulidhani tumekiona kwenye jua, kumbe tulikitengeneza sisi wenyewe kwenye kompyuta.”

“Nani kagundua?”

Eladia akakaa kwenye ngazi, chini ya magoti ya mama yake, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mtoto. “Mimi.”

Kwenye bonde sauti ya maji ya mfereji ilisikika ikipita kati ya migomba.

“Unakumbuka nilikuwa nani kwenye ghala la ndizi?” bibi akauliza.

“Ishirini na Saba.”

“Ishirini na Saba. Hakuna aliyeniita Ubaldina. Kila sanduku nililopanga niliweka kikaratasi changu, ishirini na saba, ili likioza huko bandarini Cádiz wajue wa kumfokea. Miaka arobaini na mmoja. Siku moja nimeshafunga sanduku zuri, la juu kabisa, lile ambalo bwana mkubwa alikuwa anakuja kulipiga picha, na nimeshaweka kikaratasi. Limeshapakiwa kwenye lori. Nikakumbuka chane moja ya chini. Nilikuwa nimeisikia laini, mkono ulisikia, kichwa kikasema twende. Nikalikimbilia lile lori mpaka kwenye kona ya kanisa, na aproni yangu. Watu walicheka, mwanangu! Nikalishusha, nikalifungua mbele yao.”

“Ilikuwa imeoza?”

“Imeoza wapi! Nyeusi kidogo tu. Pengine ingefika salama.” Akachukua lozi nyingine. “Wewe ulikimbia haraka?”

“Sikukimbia haraka, mama. Nilichelewa siku kumi na moja.”

Doña Ubaldina alifikiri. Hakumwambia kwamba si kitu. Alinyoosha mkono wake wenye unga wa maganda, akauweka juu ya kichwa cha binti yake mwenye miaka hamsini na saba, akauacha pale.

“Mwenye duka la mikate nitamwambia mwenyewe,” akasema mwishoni. “Wewe kazi yako umefanya. Yule dereva wa ndizi hata hakusikia, ana kelele za injini.”

*

Iliwachukua wiki tatu kuijenga upya ile asubuhi ya Mei kwa namna nyingine. Safari hii Gesine aliilazimisha kompyuta ikisie hewa moja kwa picha zote za jozi, ili kosa likiwapo liwe moja, lifutane. Wavu ulitoweka wote, usiache hata uzi. Aliipitisha na ile ya kiziwi, ikatoka kijivu kitupu.

Lakini kwenye upande wa kushoto wa picha, kati ya punje na punje, palibaki madoa manne ya sumaku. Madogo mno. Kwenye picha za ukungu yalikuwa yakionekana kwa taabu, kama pumzi kwenye kioo. Sasa yalikuwa na nguvu maradufu na ukingo safi, mawili ya kaskazini na mawili ya kusini, yamesogeleana. Upepo wa saa tatu na dakika ishirini ulipopita, hayakunenepa. Eladia aliitaka filamu irudishwe mara tano, akiangalia dakika ile tu.

“Haya ni ya kweli,” Gesine akasema. “Ila wengine walishaona kama haya. Hakuna jipya.”

“Yapo lakini.”

“Yapo.”

Gesine alikuwa akiandika makala nyingine, fupi, kuhusu kosa lenyewe na jinsi ya kulikwepa. Alisema hakuna atakayeiweka kwenye fremu. Akamuuliza Eladia kama anataka jina lake liwemo.

“Andika kwamba mstari kiziwi ulichukuliwa,” Eladia akasema. “Na saa ngapi. Jina, fanya unavyoona.”

Jumamosi hiyo alilala kwa mama yake. Alfajiri alipoamka kwenda mlimani hakuuona ufunguo wa gari mezani alipouacha. Akapapasa kabati, akapapasa mifuko ya koti.

“Ukutani!” mama yake akamwita kutoka kitandani. “Kila siku unapoteza huo ufunguo.”

Fremu haikuwapo. Kwenye msumari, karibu na picha ya baba yake, ufunguo ulikuwa umening'inia. Eladia aliuchukua, akafunga mlango bila kishindo, akaanza kuzipanda kona.

Hewa siku ile ilikuwa sita. Baada ya kazi kubwa alikwenda kwa kiziwi, dakika kumi, akaandika, akatia herufi zake mbili.